Kasongo ulikuwa namba ngapi? Vibao vyetu na hesabu isiyowekwa

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, wakati kila matatu na kila harusi ilikuwa na wimbo mmoja tu, mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini na swali nililodhani ni jepesi. “Prof,” akaniuliza, “huu wimbo wa Kasongo, ulipotoka zamani ulifika namba ngapi?”

Nilicheka kwanza. Kisha nikagundua kwamba sina jibu, na kwamba si mimi tu nisiye nalo.

Kasongo ni kazi ya Orchestra Super Mazembe, wanamuziki kutoka Kongo waliopiga kambi Nairobi katika miaka ya sabini wakawa wenyeji wetu. Umeimbwa kwa Kilingala. Ulipotoka, wazazi wa vijana wengi wanaoucheza leo walikuwa watoto wa kubebwa mgongoni. Karibu miaka hamsini baadaye umefufuka, jina lake likageuzwa kuwa lakabu ya kisiasa, na watu wasiojua hata neno moja la Kilingala wakauimba kwa sauti moja. Wimbo wa namna hiyo, bila shaka, ulikuwa kibao hata siku zake za kwanza. Lakini kibao cha kiasi gani? Kilizidiwa na kipi? Kilishika kwa wiki ngapi? Mwanafunzi alikuwa amezoea kutafuta habari za nyimbo za Ulaya kwa simu yake, na kila wimbo ulimletea namba mara moja. Alipoutafuta wetu, simu ikanyamaza.

Hebu tuanze huko kwenye namba, kwa maana hata zenyewe si takatifu kama zinavyoonekana.

Uingereza ilianza kuchapisha chati ya santuri zilizouzwa zaidi Novemba 1952, katika gazeti la muziki lililoitwa New Musical Express. Hakukuwa na kompyuta wala tume. Mfanyakazi wa gazeti, Percy Dickins, alichukua simu akapigia maduka, akauliza ni santuri zipi zinazokwenda, akajumlisha. Wimbo wa kwanza kuketi kileleni ulikuwa Here in My Heart wa Al Martino. Basi. Chati ile tunayoiona kama hati ya serikali ilizaliwa kwa simu chache za dukani.

Marekani walikuwa na utaratibu wa kupendeza zaidi. Jarida la Billboard liliweka majedwali mbalimbali: moja la mauzo madukani, jingine la nyimbo zilizochezwa zaidi redioni, na jingine la nyimbo zilizochezwa zaidi na jukiboksi, zile mashine za baa za kutumbukiza sarafu. Agosti 1958 walianzisha jedwali la nyimbo 100 lililochanganya mauzo na kuchezwa redioni, na Ricky Nelson akawa wa kwanza kuliongoza kwa Poor Little Fool.

Sasa, anayedhani kwamba hesabu hizo hazina ubishi na autazame wimbo Please Please Me wa Beatles, wa mwaka wa 1963. Gazeti la New Musical Express liliuweka namba moja. Melody Maker nalo likauweka namba moja. Record Retailer likauweka namba mbili. Na kwa kuwa historia rasmi ya chati za Uingereza inafuata Record Retailer kwa miaka ile, vitabu vinasema mpaka leo kwamba wimbo huo haukufika kileleni. Walioununua walijua vingine.

Tena kuna suala la nani anaulizwa. Katika miaka ya themanini, vijana wa Kihindi na Kipunjabi wa Birmingham na London walinunua kaseti nyingi sana za bhangra, lakini walizinunua katika maduka ya mtaani, pale panapouzwa mchele na bizari, na maduka hayo hayakuwa kwenye orodha ya wanaohesabiwa. Kwa chati, muziki huo ulikuwa kama haupo. Mwaka wa 1991 Billboard nao walipoacha kutegemea maneno ya wenye maduka wakaanza kutumia rekodi za mashine za kulipia, ghafla ikaonekana kwamba muziki wa kantri na wa rapu ulikuwa na wanunuzi wengi kuliko ilivyoaminika. Watu hawakubadilika katika wiki moja. Kilichobadilika ni kalamu.

Haya nayasema si kwa sababu ya kuzidharau chati za wenzetu. Nayasema kwa sababu sisi tumo ndani yake, na namna tulivyomo ndiyo inayonisumbua.

Mwaka wa 1968 bendi ya Kiingereza iitwayo Tremeloes ilitoa wimbo ulioitwa Helule Helule, ukafika namba 14 Uingereza. Bendi yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Ndiyo ambayo kampuni ya Decca iliichagua mwaka wa 1962 ikawaacha Beatles, kosa ambalo wafanyabiashara wa muziki hawajaacha kulicheka. Lakini Helule Helule haukuwa wimbo wao. Ulikuwa wa Daudi Kabaka, yule tuliyemwita mfalme wa twisti, aliyeurekodi Nairobi katika studio ya Equator. Waingereza waliutilia beti za Kiingereza, wakaacha kiitikio.

Basi tazama mgawanyo wa kumbukumbu ulivyo. Ukitaka kujua wimbo huo ulikuwa wapi Uingereza, utaambiwa namba, na ukipenda utaambiwa na wiki. Ukitaka kujua santuri ya Kabaka mwenyewe iliuzwa nakala ngapi Nairobi, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam, hakuna jedwali la kukuambia. Nakala ina hesabu, asili haina.

Si kwamba hapakuwa na soko. Studio ya Equator, chini ya Charles Worrod, ilikuwa na kikosi cha kudumu: Fadhili William, Kabaka, Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka nchi tunayoiita leo Zambia. Santuri zilitoka, zikashuka River Road, zikapanda mabasi kwenda mashambani. Pale River Road na mitaa jirani, duka la santuri lilijitangaza kwa spika iliyowekwa mlangoni. Ulisikia wimbo hata kabla hujaona kibao cha duka. Baadhi ya nyimbo ziliacha nyuma tarakimu. Lunch Time wa Gabriel Omolo, wa mwanzoni mwa miaka ya sabini, unatajwa kuwa uliuza zaidi ya nakala 150,000, naye akatunukiwa santuri ya dhahabu. Huo ni wimbo wa Kiswahili kuhusu wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana, wenye pesa na wasio nazo, na jina lake ni la Kiingereza kwa sababu ndivyo karani wa Nairobi alivyosema. Mtu anayetaka kujua Kiswahili cha ofisini cha miaka ile kilikuwaje na aanzie hapo kabla ya kufungua kamusi.

Lakini tarakimu kama hiyo ya Omolo inakuja peke yake, kama mtu aliyesimama uwanjani bila wenzake. Hatuwezi kuilinganisha na chochote. Wimbo uliofuata uliuza ngapi? Ule uliouzidi ni upi?

Hesabu ilikuwako, tusidanganyane. Anayechapa santuri hujua amechapa ngapi, maana hununua malighafi kwa uzani na hulipa karatasi za lebo kwa idadi. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ilikaa kwenye kabati la kampuni, haikuchapishwa gazetini, na aghalabu mtunzi mwenyewe hakuonyeshwa. Wengi walilipwa mkupuo mmoja siku ya kurekodi, wakatia sahihi, wakaenda zao. Katika miaka ya tisini nilizunguka nikiuliza daftari za uzalishaji za miaka ya sitini na sabini. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, nilipokewa vizuri, nikapewa chai, kisha nikaambiwa kwamba makaratasi yale yalichomwa walipohamia jengo jipya. “Yalikuwa yanajaza nafasi tu, Mwalimu,” bwana yule akanieleza bila ubaya wowote. Chai ile sikuimaliza.

Kulikuwa pia na hesabu nyingine, ya wananchi wenyewe, nayo ni kadi za salamu. Wasomaji wa rika langu wanazikumbuka. Unanunua kadi, unaandika majina ya jamaa na marafiki unaowasalimu, unataja wimbo unaotaka upigwe, unaituma Sauti ya Kenya, kisha unakaa karibu na redio wiki baada ya wiki ukingoja jina lako litajwe. Fikiria: maelfu ya Wakenya walikuwa wakipiga kura ya nyimbo kila siku, kwa maandishi, wakitaja na mahali wanapoishi! Chati gani ingekuwa tajiri kuliko hiyo? Najua kasoro zake. Kadi ilikuwa na bei, kwa hiyo asiye na kitu hakupiga kura. Na walikuwako mabingwa wa salamu waliotuma kadi kwa furushi, kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kuwa na sauti ya kijiji kizima. Lakini kasoro hizo zinahesabika. Kinachoshinda ni kwamba kadi ikishasomwa ilikuwa takataka.

Na jukiboksi? Wamarekani waliichukulia kama shahidi, wakaifanyia jedwali lake. Kwetu ilisimama kwenye pembe ya baa, ikameza sarafu, na hakuna aliyeiuliza kitu. Hapa pana jambo la kiufundi ambalo vijana hawalijui, nami nitakaa nalo kidogo kwa sababu lina utamu wake. Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ina nafasi ya dakika tatu, nne au tano hivi kila upande. Huko Uingereza, wimbo wenyewe uliwekwa upande A, na upande B ukatiliwa chochote kilichobakia jikoni. Kwetu haikuwa hivyo. Muziki wa dansi wa Nairobi wa miaka ya sabini haukutosha upande mmoja. Wimbo ulianza polepole upande A, mwimbaji akaeleza kisa chake, halafu ukakatika: sehemu ya kwanza imekwisha. Ukageuza santuri, na upande wa pili ndio uliokuwa na chemko, magitaa yakaachiwa, watu wakainuka vitini.

Sina Makosa wa Les Wanyika ulikuwa wa aina hiyo. Nilikuwa sekondari ulipotoka, mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na Simba Wanyika ya akina Kinyonga, ndugu kutoka Tanga. Mwalimu wetu wa zamu alitukataza kuuimba bwenini kwa sababu kisa chake kinahusu mke wa mtu. Tukawa tunaimba gitaa tu kwa midomo, bila maneno, naye akakosa la kutuadhibia. Sasa jiulize, wimbo huo ungehesabiwaje katika jukiboksi, ambako kila upande huchaguliwa na kulipiwa peke yake? Anayetaka hadithi atalipia upande A. Anayetaka kucheza atalipia upande B. Je, hizo ni nyimbo mbili au moja? Chati iliyobuniwa London kwa ajili ya nyimbo za dakika tatu ingelazimika kujibu hilo kwanza kabla ya kutupa namba.

Baadaye zikaja kaseti, na pamoja nazo wanakilishaji wa vichochoroni, na hata yule mwenye kabati akaacha kujua ni nakala ngapi ziko mikononi mwa watu.

Nirudi kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Kiswahili chenyewe kinaonyesha kwamba tulipima kwa mizani nyingine. Kiingereza kilisema nyimbo za juu, yaani zilizo juu ya nyingine kwa idadi. Watangazaji wetu walipotafsiri, wakasema “kumi bora”. Bora! Hilo si neno la idadi, ni neno la ubora. Hesabu ya mwenye duka ikageuka kuwa hukumu ya mzee wa baraza, na tangu hapo mtu anaweza kugombana nayo: umesema bora, kwa nani?

Kisha kuna jina la nyimbo za zamani. Ndugu zetu wa Tanzania husema “zilipendwa”. Sisi Kenya tumezoea “zilizopendwa”. Tofauti ni silabi moja ya urejeshi, lakini si ndogo. “Zilizopendwa” ni kifungu kinachongoja nomino yake: nyimbo zilizopendwa, yaani kati ya nyimbo zote, zile ambazo watu walizipenda. Kuna uteuzi ndani yake. “Zilipendwa” ni sentensi kamili iliyogeuzwa jina, kama vile mtu anatoa ushahidi na kuketi. Katika yote mawili hakuna “zilizouzwa” wala “zilizoongoza”. Na kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa bila mtenda. Zilipendwa na nani, wangapi, wapi? Sarufi haitaki kusema.

Hata neno “kibao” lina mambo yake. Ni ubao mdogo, ni ubao wa kusukumia chapati, ni kofi la shavuni, na ni wimbo uliovuma. Waingereza nao huuita wimbo wa namna hiyo kwa neno lao la kupiga. Sidai kwamba sisi tuliwaiga wala kwamba wao walituiga. Nasema tu kwamba masikio yote mawili yalihisi kipigo.

Mwenzangu mmoja wa idara, mtu wa fasihi simulizi, hupenda kuniambia kwamba haya yote ni jambo la kujivunia: wenzetu walihifadhi namba, sisi tukahifadhi mapenzi. Ni maneno matamu, na kwa muda mrefu niliyakubali. Siku hizi siyakubali.

Sababu yangu ni Solomon Linda. Huyu alikuwa Mzulu aliyerekodi wimbo Mbube mjini Johannesburg mwaka wa 1939. Wamarekani waliupokea, wakalisikia vibaya neno la Kizulu uyimbube, wakaliimba wimoweh. Mwaka wa 1961 kikundi cha Tokens kiliutoa kwa jina The Lion Sleeps Tonight, ukawa namba moja Marekani. Linda alikufa maskini mwaka uliofuata. Lakini mwaka wa 2000 mwandishi Rian Malan aliposimulia kisa hicho katika jarida la Rolling Stone, aliweza kukadiria deni: dola milioni 15 kwa matumizi ya wimbo huo katika Lion King peke yake. Mabinti wa Linda walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2006 wakafikia maafikiano yaliyowapa mrabaha. Makadirio yalihitaji kitu cha kukadiria. Kulikuwa na mauzo, tarehe, nafasi katika chati. Ubaridi ule ule wa tarakimu uliomsahau baba ndio uliowasaidia mabinti.

Kwetu, Malaika umezunguka dunia nzima. Miriam Makeba aliuimba, akaurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka wa 1966. Boney M wakautoa mwaka wa 1981. Fadhili William ndiye aliyejulikana kuwa mwenyewe, ingawa Adam Salim wa Tanzania na Grant Charo wa hapa kwetu nao wametajwa kuwa watunzi, na ubishi huo haujafa. Kesi kama hiyo hutegemea karatasi: nani alirekodi lini, santuri ipi ilitangulia kuuzwa na wapi. Chati ya kila wiki, hata ya gazeti dogo, hata yenye makosa, ingetupa walau tarehe na jina la kwanza kuchapishwa. Badala yake tuna kumbukumbu za wazee, na kumbukumbu za wazee huwa upande wa mwenyeji wao. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki mwaka mmoja, 2001. Tuliwaomboleza kama magwiji. Hakuna aliyeweza kusema, hata kwa kukisia kwa adabu, nchi iliwanunulia santuri ngapi.

Vijana watasema sasa kila kitu kinahesabiwa. Kweli, YouTube inahesabu. Lakini fungua wimbo wowote wa dansi wa miaka ya sabini uone aliyeupakia: aghalabu ni mtu baki, ameandika Les Wanyika ambapo ni Simba Wanyika, mwaka ameukisia, mtunzi hakumtaja. Milioni za watazamaji ziko chini ya jina lisilo lake. Ni Helule Helule tena, ila safari hii hatuna Tremeloes wa kulaumu.

Kwa hiyo yule mwanafunzi nilimwambia ukweli, kwamba swali lake halina jibu, kisha nikampa kazi. Nilimtuma kwa wauza santuri kuukuu pale mjini, akaandike kila lebo anayoiona: namba ya kampuni, jina la mtunzi lililochapwa chini ya kichwa cha wimbo, sehemu ya kwanza na ya pili. Namba za lebo hufuatana kadiri santuri zinavyotoka, na ukizikusanya za kutosha unaweza walau kupanga ipi ilitangulia ipi. Muuzaji mmoja mzee alimzuia mwanzoni, akidhani ametoka ofisi ya kodi. Alipoelezwa, akamvutia kiti.

Hadi wiki iliyopita alikuwa amefikisha lebo 412. Alinionyesha picha ya mojawapo kwenye simu yake, santuri ya Super Mazembe iliyochakaa pembeni, na juu ya lebo mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: 31. Akaniuliza kwa matumaini kama hiyo ndiyo nafasi yake katika chati. Nikamwambia hapana, zamani watu waliandika namba kwenye santuri zao ili zikiazimwa kwa sherehe zirudi zote. Hiyo ilikuwa ya thelathini na moja katika sanduku la mtu.